Chupa Zilizokataa Kuugua

Siku yangu ya kwanza maabara nilikabidhiwa brashi ya kuoshea chupa pamoja na onyo kwamba sabuni inayobaki ndani ya chupa huua seli haraka kuliko ugonjwa wowote. Aliyenipa vyote viwili alikuwa Mzee Ndahani, fundi mkuu wa chumba cha seli, mtu mrefu aliyezoea kuinama mlangoni hata kwenye milango iliyomzidi kimo. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua chupa niliyokwisha kuiosha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. Niliiosha upya. Akanirudishia tena. Sikuwahi kuambiwa chupa ile ilikuwa na kasoro gani, na kadiri miaka ilivyokwenda nilizidi kushuku kwamba haikuwa nayo.

Tangu nistaafu mmekuwa mkinipigia simu, ninyi mliobaki kwenye chumba kile, mkiuliza kwa nini kuna maagizo ukutani yanayosema seli zinazopendeza mno zisiaminiwe. Nimeona heri niandike mara moja. Nimekaa barazani kwangu Area D, hapa Dodoma, vumbi linapita, na nina muda ambao zamani niliutumia kusubiri umeme urudi. Mambo ya vyeo na madaraja sitayagusa. Yapo kwenye mafaili, na hayamfundishi mtu kushika pipeti.

Kwa anayeanza: maabara yetu ni ya mifugo. Kutoka vijiji vya Chamwino, Kondoa na Chemba tunaletewa kamasi, damu na vipande vya mapafu, na swali huwa moja, ni kitu gani kinaua. Bakteria ni rahisi kuwatafuta. Ukiwapa chakula kwenye sahani wanakua wenyewe, wengine na harufu juu yake. Kirusi hakikui kwenye sahani. Hakina karakana yake. Lazima kiingie ndani ya seli hai na kutumia mitambo ya humo. Kwa hiyo unayetaka kukiona, kwanza lea seli, kisha zipe sampuli, kisha kaa utazame kama zitaugua. Zikiugua kwa namna fulani, umepata jibu. Zisipougua, hilo nalo ni jibu, au ndivyo tulivyoamini.

Seli zetu zilitoka kwenye figo za wanakondoo. Asubuhi mmoja wetu alikwenda machinjioni na kikasha cha barafu, akarudi na figo, nasi tukazikatakata na kuziloweka kwenye tripsini, ambayo ni kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazozishikilia seli pamoja. Hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza nilichokifahamu. Nilipouliza kimeng'enya ni nini hasa, Mzee Ndahani alisema ni mfanyakazi anayejua kazi moja tu na hachoki kuifanya. Nikamuuliza kama ananisema mimi. Wiki iliyofuata aliniondoa kwenye kuosha chupa.

Seli zilizotengana huwekwa kwenye chupa bapa pamoja na midia, yaani maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi na seramu, yale majimaji ya damu yasiyo na chembe. Zinashuka, zinashika kwenye sakafu ya chupa, zinatambaa hadi zinagusana. Kwenye hadubini zinafanana na barabara iliyopangwa mawe kwa uangalifu. Zikishapanga sakafu yote ziko tayari. Tatizo ni kwamba seli mpya zina woga. Ukizitia kwenye midia mpya kabisa, nyingi hazishiki, zinaelea na kufa. Na seramu yetu ilikuwa inachelewa kufika mara kwa mara.

Hapo ndipo Mzee Ndahani alipoleta ujuzi wa nyumbani kwao. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na kwao maziwa ya leo hayakugandishwa bila tone la maziwa ya jana. Akafanya vivyo hivyo na seli. Alikusanya midia ya zamani kutoka kwenye chupa zilizomaliza kazi, akaipasha kwenye beseni la maji moto kwa joto lile lile tunalotumia kuandaa seramu, ili kama kuna kirusi kife, akaichuja kwa kichujio chembamba, akaihifadhi kwenye jokofu. Aliiita kianzio. Kila kundi jipya la seli lilipewa kianzio kidogo, na kwa kweli zilishika vizuri sana. Wageni kutoka maabara nyingine walikuwa wakituuliza siri yetu. Mzee alikuwa akiwaambia ni maji ya Dodoma.

Alikuwa mwangalifu mno katika kuchagua chupa za kutolea kianzio. Hakuchukua chupa ambayo seli zake zimeugua hata kidogo. Alichukua zile zilizopokea sampuli zikakaa bila dalili, seli zake zimejipanga, zinang'aa. Kumbukeni jambo hilo. Lilikuwa la busara kabisa, na ndilo lililotuponza.

Katika miaka hiyo mimi nilianza kusoma. Elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne, lakini stoo yetu ilikuwa na maboksi ya majarida ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akiyahitaji isipokuwa panya. Nilisoma ukurasa mmoja kwa jioni, na kamusi mbili pembeni. Nilichokuwa nataka kujua ni kitu rahisi: kwa nini baadhi ya chupa huugua sakafu nzima, na nyingine, kwa sampuli ile ile, huugua kidoa kimoja tu na kisha kidoa kinajifunga. Kuna kitu kilikuwa kinakisimamisha kirusi, na hakikuwa damu wala kingamwili, maana ndani ya chupa hakuna mnyama, kuna seli tu.

Jibu lilinichukua muda, nami nitawapa kwa ufupi. Virusi vingi, vikijinakili ndani ya seli, hupita kwenye hatua ambapo nyuzi mbili ndefu za RNA, molekuli inayobeba maagizo yao, zimelala pamoja. Seli yenyewe kwa kawaida haina jozi ndefu kama hiyo. Kwa hiyo jozi hiyo ni kama viatu vya mgeni mlangoni. Seli ikiviona inafanya mambo mawili. Kwanza inatoa nje ya mwili wake protini ndogo iitwayo interferoni, ambayo inaelea hadi kwa majirani na kuwapa habari. Majirani wakipokea habari wanaanza kuunda vimeng'enya vya ulinzi kabla hawajaguswa. Kimoja kazi yake ni kufunga karakana: kikikutana na jozi ile, kinatia alama kwenye kifaa cha kuanzishia utengenezaji wa protini, na utengenezaji unasimama. Kingine kikishika jozi ile kinaunganisha vijinyororo vidogo, na vijinyororo hivyo vinakiamsha cha tatu, ambacho ni mkasi. Mkasi unakata RNA.

Zingatieni kwamba mkasi hauchagui sana. Unakata RNA ya kirusi na ya seli yenyewe. Na karakana ikifungwa, imefungwa kwa wote. Seli inayojilinda hivyo inajizuia kula ili mgeni naye asile. Mara nyingi inakufa. Kirusi kilichomo ndani kinakosa watoto wa kutuma nje, na jirani anabaki mzima.

Jambo jingine la kuzingatia, na hili ndilo la kiutendaji. Seli iliyopata habari lakini haijaguswa na kirusi, vimeng'enya vyake vingi vimelala. Vinasubiri jozi. Ukiitazama kwenye hadubini haina tofauti yoyote na seli isiyojua lolote. Ni mawe yale yale, sakafu ile ile.

Basi, kesi yenyewe. Wakati huo Mzee Ndahani alikuwa bado kazini, nami nilikuwa msaidizi wake wa kwanza. Mkuu wa sehemu yetu alikuwa Daktari Neema, daktari wa mifugo mwenye sauti ndogo, aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kukaa kimya hadi mwenzake aone aibu. Afisa mifugo alituletea kamasi na machozi ya mbuzi kutoka kijiji kimoja nyuma ya Buigiri. Mbuzi wa mama mmoja walikuwa na kamasi nzito, macho yamefungwa na tongotongo, midomo ina vidonda, wanahara. Yeyote aliyeona wanyama hao angefikiria sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaomaliza zizi. Lakini nimonia ya kawaida na minyoo vikikutana huweza kuleta sura karibu na hiyo, na mwaka ule malisho yalikuwa yamekauka mapema, mbuzi wengi walikuwa dhaifu. Tulitia sampuli kwenye chupa zetu. Seli zilikaa zinang'aa. Tukahamishia maji yake kwenye chupa za seli mpya kama utaratibu unavyotaka, nazo zikang'aa. Tukaandika jibu: kirusi hakikuonekana. Afisa mifugo akamwambia mama huyo ni nimonia, akawachoma mbuzi sindano.

Baada ya muda mama mwenyewe akaja. Aliitwa Mama Nyemo, mjane, umri kama wangu wa sasa, kanga mabegani na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi. Alikaa kwenye benchi la wageni akasubiri hadi Daktari Neema alipotoka, akasalimia kwa utaratibu wote, nyumbani hawajambo, kazi inaendaje, ndipo akatoa karatasi yetu aliyoikunja ndani ya pindo la kanga.

"Karatasi inasema mbuzi wangu hawana ugonjwa," alisema. "Nimewasomea. Hawakuamini, wameendelea kufa."

Mzee Ndahani alicheka, kisha akaacha. Mama Nyemo hakuwa amekuja kulaumu. Alikuja kwa sababu alikuwa na jambo la kuamua na siku zilikuwa zinamwishia. Malisho ya kwao yalikuwa yamekwisha, na kwa desturi ya kwao mfugaji hakai na mbuzi wote zizi moja wakati wa shida. Anawagawa. Watano wanakwenda kwa rafiki wa kijiji hiki, sita kwa shemeji wa kijiji kile, watunzwe huko, wakamuliwe huko, na mvua ikirudi warudishwe pamoja na watoto wao. Ndivyo wazazi wake walivyovuka miaka mibaya. Marafiki wa upande wa Mvumi na Handali walikuwa wamekwisha kukubali kupokea mbuzi wake, na baada ya wiki mbili wangekuja kuwachukua.

Kama ilikuwa nimonia, kuwagawa kungewaokoa. Kama ilikuwa sotoka, kila kikundi kingekuwa ni moto unaopelekwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Alitaka tumwambie ni kipi. Nasi tulikuwa tumekwisha kumwambia, kwa maandishi.

Daktari Neema alimwomba asubiri kidogo, akaingia nasi chumbani, akafunga mlango. Akauliza swali lake moja: tungejuaje kama seli zenyewe zina uwezo wa kuugua?

Mzee Ndahani alijibu kwamba seli zile ni nzuri, nzuri kuliko za mtu yeyote nchini. Daktari akasema hilo analiona, na ndilo linalomsumbua. Alikuwa amepitia kazi za miezi iliyotangulia na hakukumbuka lini chupa yetu yoyote iliugua. Dodoma nzima haiwezi kupona kwa mkupuo. Akataka tutie kwenye seli zile kirusi tunachokijua, kirusi dhaifu cha chanjo ya sotoka, ambacho lazima kiziharibu. Kwa kawaida jaribio hilo hufanywa kila mara. Sisi tulikuwa tunaliruka, kwa kuwa chanjo ilikuwa adimu na seli zetu zilikuwa na sifa.

Tukatia. Kundi moja tulilipa kirusi hivyo hivyo lilivyo. Na kwa kuwa nilikuwa nimebakiza chupa chache ambazo hazikupata kianzio, zilizoshika vibaya, zina matobo sakafuni, nikaomba nazo ziingizwe. Mzee alisema ninapoteza chanjo kwa seli mbovu. Daktari akasema tia.

Kirusi cha chanjo hakifanyi kazi mara moja, na Mama Nyemo hakuweza kulala kwenye benchi. Alirudi kwake, akiwa ameniachia mimi namba ya simu ya mwanawe. Sisi tukawa tunainama kwenye hadubini kila asubuhi na kila jioni kama watu wanaotazama chungu. Zile mbovu ndizo zilizoanza. Seli zikaungana, kuta kati yao zikayeyuka, zikawa jitu moja lenye viini vingi katikati, kisha jitu likapasuka na kuacha shimo. Ndiyo sura ya sotoka. Zile nzuri zilibaki barabara ya mawe, safi, kila jiwe mahali pake.

Daktari Neema alidhani ni seramu: huenda kondoo aliyetoa seramu alikuwa na kingamwili za sotoka, zikakinasa kirusi kabla hakijafika. Lilikuwa wazo zuri, ila seramu ile ile ilikuwa kwenye chupa mbovu pia, na hizo zilikuwa zimekufa. Tofauti ilikuwa kianzio peke yake. Basi labda kingamwili zimo kwenye kianzio. Hapo nikasema tuoshe. Kama kinachozuia kimo kwenye maji, tukiyamwaga na kuziosha seli mara kadhaa, kizuizi kitaondoka na seli zitaugua. Kama kimo ndani ya seli, kuosha hakutasaidia kitu.

Tuliosha, Mzee Ndahani mwenyewe akiosha, kwa mkono ule ule ulionirudishia chupa siku ya kwanza. Tukatia kirusi. Seli zikakataa kuugua.

Sikuwa na haja ya kusoma tena, lakini nilileta jarida na tukasoma sote watatu, vichwa pamoja. Kianzio kilitoka kwenye chupa zilizopokea sampuli zikabaki nzima. Kati ya chupa hizo kulikuwa na ambazo hazikupokea kirusi chochote, na kulikuwa na ambazo zilipokea, zikapigana, zikashinda. Kwa macho ni sawa. Mzee alipochagua chupa zenye afya kuliko zote, alikuwa pia anachagua washindi, na maji ya washindi yamejaa interferoni. Joto la beseni liliua kirusi kama alivyokusudia. Interferoni ya aina hiyo haiuliwi kwa urahisi na joto lile, wala haizuiliwi na kichujio. Kirusi kilikufa, habari zake zikabaki, nasi tukazinywesha seli mpya zikiwa bado changa. Tulikuwa tunalea seli zilizokwisha kuandaa karakana ya kufungwa na mkasi wa kukata, kisha tunaziuliza kama zimemwona mgeni.

Na kila kundi lililokataa kuugua lilionekana zuri, likatoa kianzio cha kundi linalofuata.

Mzee Ndahani alikaa kwenye stuli. Nilidhani ataumia, kwa kuwa kianzio kilikuwa jina lake. Alitazama ile orodha ya vimeng'enya kwenye jarida kwa muda, akaniuliza ni kipi kinachofunga karakana, nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe nilikuwa nafundisha kujilinda vizuri, ila niliwafundisha wasiohusika." Kisha akafungua jokofu, akatoa chupa zote za kianzio, akazipeleka kwenye mashine ya kuchemshia taka. Kazi hiyo hakuwaachia wengine. Siku iliyofuata aliwahi machinjioni kuchukua figo, akarudi akaanza upya kwa midia mpya, seramu zaidi na subira.

Lakini kurudia sampuli ya Mama Nyemo kulihitaji seli hizo zikue kwanza, na marafiki wake wa Mvumi walikuwa njiani. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba jibu la kwanza halikuwa jibu. Amri ya kuzuia mifugo isihamishwe isingetoka mapema, maana karatasi yetu wenyewe ndiyo iliyokuwa inaipinga. Daktari Neema alianza kuandika karatasi ya kuifuta na akaniomba nipige simu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeachiwa namba.

Mwanawe alimpa simu. Nikamweleza kwamba tulikosea, kwamba seli zetu zilituficha ukweli, na kwamba tunamwomba asimtoe mbuzi hata mmoja hadi tupate jibu lingine.

"Huyo Seli mmemfukuza kazi?" akauliza.

Nikasema tumemwaga. Nikasikia mbuzi wanakohoa nyuma yake, kikohozi kile cha kamasi ambacho hakihitaji hadubini.

"Sasa nisikilize, dada," akasema. "Nikiwaweka wote hapa na ni hiyo sotoka, si watakufa wote?"

Sikuwa na namna ya kulizunguka swali hilo. Nikamwambia wengi watakufa. Nikamwambia hata akiwagawa, walioambukizwa watakufa huko walikokwenda, na watakufa pamoja na wa wenyeji. Wa kwake wasingeokoka kwa kuhama. Wangeokoka wa wenzake, kama wake wakibaki.

"Na ikiwa si hiyo?"

"Utakuwa umewanyima malisho bure. Na kosa litakuwa letu."

Akasema kosa likiwa letu mbuzi hawatalijua. Kisha akasema yeye hawezi kumpelekea mtu kifo kikiwa na kamba shingoni. Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Hakumtoa hata mmoja. Marafiki walikuja, akawapa uji, akawarudisha na kamba zao tupu. Baadaye nilisikia kwamba walimcheka sana njiani na kijijini: mwanamke anaambiwa na watu wa mjini mbuzi wake wazima, anaahidi kuwagawa, anaambiwa na watu wale wale labda si wazima, anakaa nao hadi wanakufa mmoja mmoja. Mmoja alisema ameolewa na simu.

Seli mpya zilipanga sakafu zikiwa na matobo kidogo. Tulitia sampuli yake pamoja na kirusi cha chanjo pembeni. Zote ziliugua, kwa sura moja. Ilikuwa sotoka. Karatasi ya pili ilipotoka amri ya kuzuia ilitoka nayo, wachanjaji wakazunguka vijiji vya jirani wakianzia vile vya marafiki zake, na ugonjwa haukuonekana upande wa Mvumi wala Handali. Kwenye zizi la Mama Nyemo walibaki wachache sana, wale wenye bahati au damu ngumu.

Tangu hapo hatukuandika tena kwamba kirusi hakikuonekana, tukaishia hapo. Tunaandika kwamba kirusi hakikuonekana kwenye seli ambazo tumethibitisha kuwa zinaweza kuugua, na jaribio la kirusi tunachokijua hatuliruki hata chanjo ikiwa tone moja. Baadaye tulipata seli za figo za nyani, zile mnazotumia hadi leo. Msidhani mmepona. Seli hizo zimepoteza uwezo wa kutoa interferoni, ndiyo maana virusi vinakua humo kwa urahisi, lakini hazikupoteza uwezo wa kuipokea. Haziwezi kupaza sauti, ila zinasikia. Mkizinywesha maji ya mahali pengine yenye habari, nazo zitajiandaa. Na kumbukeni kwamba ulinzi huo haudumu. Seli zilizowekwa kwenye midia safi siku kadhaa hurudi kuwa za kawaida, vimeng'enya vinachakaa na havitengenezwi vingine. Chupa ikikutia shaka, subiri, jaribu tena.

Mzee Ndahani alistaafu kabla yangu na sasa anafuga kuku. Nilipomtembelea aliniambia hawapi dawa yoyote bila kuniuliza, kisha akanionyesha dawa alizowapa.

Msimu uliofuata, mvua iliporudi, nilikwenda na wachanjaji nyuma ya Buigiri. Nilitegemea kukuta zizi tupu. Nilikuta kundi dogo la kuchekesha: mbuzi weusi, wenye madoa, mmoja mweupe mwenye ndevu za kupinda, kila mmoja na alama yake ya mkato kwenye sikio, na hakuna alama mbili zilizofanana. Mama Nyemo alinieleza mmoja mmoja. Huyu ni wa nyumba fulani ya Mvumi, huyu wa shemeji, huyu wa Handali. Walipoona mbuzi wao wenyewe wamesalimika, kila nyumba ambayo ingepokea mbuzi wake ilimletea jike mmoja, amtunze, na hakuna aliyesema lini atamrudisha.

Mchanjaji alikuwa anahangaika na sindano, akauliza aanze na yupi. Mama Nyemo akamshika yule mweupe mwenye ndevu, akambana kati ya magoti.

"Anza na huyu," akasema. "Ametoka kwa wale walionicheka kuliko wote."